Mama Mwenye Nyumba

Kabla hajapata nafasi ya kusema neno hata moja kwenye televisheni, wifi yangu alikuwa ameshakufa mara kadhaa. Mara ya kwanza walimlaza kwenye kitanda cha hospitali wakamfunika shuka mpaka utosini. Tulikaa sebuleni familia nzima kumtazama, na mama mkwe wangu akauliza tumejuaje kwamba aliye chini ya shuka ni mwanawe na si mto. Mara nyingine alikuwa majeruhi wa ajali ambaye hakufika hospitali. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa akimtania kwamba siku akiomba kuigiza mtu aliye hai watamkataa kwa kukosa uzoefu.

Yeye alicheka pamoja nasi, lakini mimi nilikuwa naishi naye na nilijua. Asubuhi alifanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno, akiwaambia watu wenye mashavu yaliyovimba wakae wasubiri. Mchana alikwenda kwenye usaili. Alisimama foleni moja na wasichana ambao yeye alikuwa sekondari wakati wao wananyonya. Akifika mbele ya meza anaulizwa jina, anaambiwa ageuke kushoto, ageuke kulia, asante, tutakupigia. Hawakupiga. Jioni alikuja kukaa karibu na cherehani yangu, akavua viatu, akasema, "Wifi, leo nimegeuka vizuri sana."

Basi siku moja wakapiga. Mwongozaji mmoja ambaye watu wote walimwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake, alikuwa anatengeneza tamthilia ya familia ya zamani, na yote ingerekodiwa ndani ya nyumba moja. Wifi alipewa sehemu ya jirani anayeleta sinia na kusema sentensi mbili. Alizifanyia mazoezi mpaka mume wangu akawa anazisema akinyoa ndevu. Halafu mtu wao wa mavazi akapata kazi kwingine akawaacha, na wifi, ambaye mdomo wake haulali, akamwambia Kofia kwamba ana wifi yake fundi cherehani. Ndivyo nilivyoingia na mimi, na ninayoyaeleza hapa niliyaona.

Nyumba yenyewe ilikuwa mwisho wa mtaa uliotulia, ukishapita duka la magodoro na chuo cha udereva. Ilikuwa ya ghorofa moja, madirisha ya nondo za kijani, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka unajiona miguu. Ndani kila kitu kilikuwa cha enzi zile: simu ya kuzungusha namba, redio kubwa kama kabati, mapazia mazito yenye harufu ya vumbi na sabuni. Kofia alisema hawakulazimika kuleta hata kijiko.

Mwenye nyumba alikuwa mhandisi wa barabara aliyestaafu, na sote tulimwita Mhandisi. Hakuhama. Alikaa chumbani kwake juu, na kila tulipoanza kurekodi alishuka ngazi polepole, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, akaketi kwenye kiti cha mbao nyuma ya kamera na kuweka mikono magotini. Alikuwa mtu wa adabu sana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama nimekunywa chai. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamke mtu mzima kuliko mimi, mfanyakazi wa duka la dawa, ambaye alikuja kila mchana kumtazama baba yake na kumletea chakula. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi, lakini baba yake alimwita Binti, na sisi tukamwita hivyo hivyo.

Sehemu kubwa ya kike, ya mama mwenye nyumba, alikuwa amepewa mwigizaji mwenye jina, mrefu, mzuri, ambaye alijua kulia kwa jicho moja. Lakini kila alipomaliza kipande, Mhandisi alitikisa kichwa. Kofia alijifanya haoni. Mwisho mzee akainua kidole taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa darasani.

"Huyu ni mrefu mno," alisema. Kidole kikahama, kikamfuata wifi yangu aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia lake. "Yule."

Kofia alimtoa Mhandisi nje wakazungumza. Aliporudi alikuwa anajikuna shingo. Yule mwigizaji mwenye jina hakuja tena, na wifi yangu akaambiwa kwamba kuanzia sasa yeye ndiye mama mwenye nyumba. Alinishika mkono kwenye korido akaubana mpaka pete ikaniumiza. Niligeukia ukutani nimwache afute macho kwa raha zake.

*

Asubuhi iliyofuata Mhandisi alishuka na magauni mkononi, yamekunjwa vizuri, yananuka dawa ya nondo.

"Haya ni ya wakati ule ule," aliniambia. "Msihangaike kushona."

"Ni ya marehemu mama, baba?" nilimuuliza.

"Hakufa. Aliondoka."

Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayetaja saa. Nilimshukuru nikayapokea.

Mimi nashona tangu kabla sijaolewa, na kama kuna kitu ninachokijua ni miili ya watu. Hakuna aliyenyooka. Wifi yangu bega lake la kushoto limeshuka, kwa sababu aliwahi kuanguka utotoni, na kila nguo ninayomshonea naweka kipande cha kitambaa ndani upande huo ili isikae kombo. Kwa hiyo nilimvisha gauni la bluu la vifungo vya mbele nikiwa na pini mdomoni, tayari kupunguza huku na kuongeza kule. Gauni halikutaka pini hata moja. Lilimkaa kifuani, kiunoni, begani. Nilipoligeuza nione mshono, nikakuta kwenye bega la kushoto, kwa ndani, kipande cha kitambaa kimeshonwa kwa mkono, uzi wake umegeuka njano kwa uzee.

Nikatema pini kiganjani.

"Vipi, wifi?" aliniuliza.

"Limekukaa," nikasema.

Alianza kazi, na nitasema ukweli, alikuwa mzuri. Si kwamba alikuwa anaigiza vizuri; alikuwa haonekani kama anaigiza. Yule bwana aliyecheza mumewe, mcheshi mwenye tumbo, baada ya kipande cha kwanza alinijia akasema, "Wifi yako kanitazama mpaka nikakumbuka nilipokosea nyumbani kwangu." Kofia alikuwa akizungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga, kwa furaha.

Siku moja walirekodi jikoni. Kulikuwa na droo ya vijiko iliyotushinda wote. Mpiga picha aliivuta mpaka akakaa chini; fundi wa taa aliigonga na nyundo. Mwisho Kofia akasema vijiko viwekwe juu ya meza. Wifi aliingia, akaanza kutengeneza chai huku akisema maneno yake, na bila kutazama akaisukuma ile droo juu kwa goti, ikafunguka kama imetiwa mafuta, akatoa kijiko, akaifunga kwa nyonga. Akaendelea kuzungumza.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu na chakula cha baba yake. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nani kamwonyesha?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Labda alimwona mzee akifungua."

"Baba hajui ile droo inafunguliwaje. Hata mimi nilikuwa nimesahau."

Jioni nilimuuliza wifi. Alinitazama kama nimemuuliza habari za mtu mwingine. "Droo gani?"

Halafu kulikuwa na fundi wa sauti, kijana mpole asiyeongea sana, ambaye kazi yake ilimfanya awe na masikio ya popo, na kwa hiyo aliitwa Masikio. Wifi alikuwa anabanwa maiki ndogo ndani ya gauni, na Masikio alimsikiliza kwenye vifaa vyake. Akanifuata nilikokuwa napiga pasi.

"Dada, mwambie wifi yako asiimbe kichinichini wakati mwenzake anazungumza. Inaharibu kazi."

"Wifi yangu haimbi. Hata kanisani tunamwomba anyamaze."

Akanivika vile vifaa masikioni. Nilisikia sauti ya mume wa kwenye tamthilia, nikasikia pumzi ya wifi karibu kabisa, ndani nje, ndani nje. Na nyuma ya ile pumzi kulikuwa na mwanamke anayeguna wimbo kwa pua, taratibu, kama unavyoguna ukiwa na nguo za kufua mkononi. Pumzi ya wifi haikukatika. Mtu hawezi kuguna na kupumua namna ile kwa wakati mmoja.

"Ni redio ya jirani," nilimwambia.

"Sawa," alisema Masikio, ila hakuvitoa masikioni mwangu haraka.

*

Binti ndiye aliyenifungua macho. Alikuja kwenye chumba cha nyuma, akafunga mlango, akakaa juu ya sanduku la nguo. Siku hiyo wifi alikuwa amesema maneno haya mbele ya kamera: "Chai yako imepoa. Nikupashie, au utainywa hivyo hivyo ujiadhibu?"

"Hayo maneno nani kayaandika?" Binti aliniuliza.

"Kofia, nadhani."

"Mama yangu alikuwa akimwambia baba hivyo. Hivyo hivyo, ujiadhibu. Sijawahi kumsikia mtu mwingine akisema." Alikuwa anasugua kidole gumba kwa kidole kingine. "Nilikuwa mdogo, sikumbuki sura yake vizuri. Baba alichoma picha. Aliniambia mama ametuchoka, kabeba sanduku asubuhi mimi nimelala, akatoka mlango wa mbele. Nilikaa kwenye ngazi ya ule mlango, dada yangu, mpaka nikaanza shule."

Nilimtafuta Kofia. Alikuwa nje anakula mkate peke yake. Nilimuuliza ni nani anayeandika maneno ya wifi yangu.

"Yanatoka juu," alisema.

Nikadhani anamaanisha wakubwa wa kituo cha televisheni. Akaona sijaelewa, akanyoosha mkate kuelekea dirisha la ghorofani. "Juu pale. Mzee ananisomea asubuhi kutoka kichwani mwake, mimi naandika. Ndiyo sharti lake la kutuachia nyumba. Mwanzoni nilikasirika. Lakini maneno ni mazuri kuliko yangu, nikasema acha."

"Na mwisho wa hadithi?"

"Na wenyewe ni wake. Mke anaondoka."

Siku hizo wifi alikuwa amebadilika nyumbani, na tulijifanya ni uchovu. Alikuwa mtu wa kelele, akiingia mlangoni unajua ameingia. Sasa alitembea bila sauti, na mara mbili nilishtuka kumkuta amesimama nyuma yangu. Jioni moja tulikuwa tunakula, akanyanyuka mezani akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba ninamoweka vitambaa, sikio limeegemea ubao.

"Dada, unasikiliza nini?" mume wangu alimuuliza.

"Kama mtoto ameamka."

Sisi hatujajaliwa mtoto. Mume wangu aliweka kijiko chini. Wifi akatutazama, akacheka, akasema, "Nimechoka jamani, msinijali," akarudi kukaa. Lakini mkono wake ulikuwa wa baridi nilipompa chumvi.

Nilimwambia yote wakati wa kuosha vyombo: bega la gauni, droo, sauti kwenye vifaa vya Masikio, maneno ya Binti. Nilimwomba aache. Alikausha sahani moja kwa muda mrefu.

"Wifi," akasema, "unataka nirudi kufunikwa shuka?"

"Nataka urudi kuwa wewe."

"Mimi ni nani? Mimi ni yule wa tutakupigia. Umri huu. Unajua Kofia kaniambia nini? Kaniambia kuna watu wanataka kuniona tamthilia hii ikitoka. Watu wa maana. Kimebaki kipande kimoja tu. Natoka mlangoni na sanduku, basi, kwisha." Akaiweka sahani. "Na hata hivyo, nikiwa ndani ya lile gauni siogopi. Naogopa nikilivua. Hapo ndipo nahisi kuna mtu nimemwacha nyuma."

Nilimsaidia kupanga vyombo.

*

Kipande cha mwisho kilirekodiwa mchana, jua likiwa linaingia mpaka katikati ya sebule. Wifi alitakiwa kushuka ngazi na sanduku, kumkuta mumewe ameketi, na kumwambia: "Nimekuchoka wewe, nimemchoka na mtoto. Msinitafute." Halafu atoke mlango wa mbele na kuuacha wazi. Mhandisi alikuwa kwenye kiti chake. Siku hiyo alivaa koti. Binti alisimama ukutani, karibu na redio, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kipande cha leo ni kipi.

"Tayari," alisema Kofia. "Anza."

Wifi akashuka, akafika mbele ya mume, akafungua mdomo. Hakusema kitu. Kofia akasimamisha, akamuuliza kama amesahau.

"Sijasahau. Mdomo unakataa."

Akapewa maji. Akashuka tena. Akasimama pale pale, midomo inacheza, hakuna sauti. Yule bwana mcheshi hakucheka. Mhandisi alikuwa amejisogeza mbele kwenye kiti, na akasema kwa upole kabisa, "Jaribu tena, mama. Ni maneno machache tu."

Mara ya tatu alishuka, na tangu ngazi ya juu niliona kwamba hatembei kama yeye. Alifika chini akaweka sanduku sakafuni. Hakumtazama mume, hakuutazama mlango. Aligeuka akaenda jikoni. Mpiga picha akamtazama Kofia, Kofia akamfanyia ishara ya mkono amfuate, na sote tukafuata, kila mtu anakanyaga kwa ncha za miguu. Wifi alipita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akatoka uani. Nje ya mlango ule kulikuwa na jukwaa la saruji la kufulia nguo, kubwa, refu kuliko inavyohitajika kwa kazi hiyo. Nilikuwa nafulia pale magauni yale yale.

Akapanda juu yake. Akaketi, akanyoosha miguu, akaweka viganja juu ya saruji huku na huku. Masikio alikuwa ameleta ile maiki ya fimbo ndefu akaining'iniza juu ya kichwa chake. Mhandisi alikuwa amekuja mpaka mlangoni. Alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

Wifi alimtazama. Macho yake yalimpita mpiga picha, yakampita yule aliyecheza mumewe, yakatua kwa mzee.

"Mimi sikutoka," alisema. "Mwambie mtoto."

Na Mhandisi akajibu. Hakufikiri, alijibu kama unavyomjibu mtu wa nyumbani mliyegombana naye siku zote jambo lile lile.

"Nilikwambia usipige kelele, mtoto amelala. Nilikwambia."

Hakuna aliyesema kata. Kamera iliendelea. Nilisikia majani ya jirani yakisukwasukwa na upepo, na mbali kidogo gari la chuo cha udereva likijifunza kurudi nyuma.

Binti alisogea akasimama mbele ya baba yake. "Ulimwambia nani, baba?"

Mzee alimtazama, akafunga kifungo cha koti.

"Baba. Nani alikuwa anapiga kelele?"

"Mama yako," alisema. Halafu akaketi kwenye kizingiti, taratibu, kama alivyokuwa akiketi kila siku, akaweka mikono magotini.

Wifi alikuwa anatetemeka. Nilimteremsha, nikamfungua vile vifungo vya mbele pale pale uani mbele ya watu, nikamvua gauni nikamfunika koti la Kofia. Hakuwa ananijua. Alikuwa anauliza tu kama kipande kimeshakwisha, kama wamekipata.

*

Binti ndiye aliyewaita polisi. Alipiga kutoka kwenye simu yake mwenyewe, sauti haikutikisika, akataja mtaa na namba ya nyumba. Walikuja, na kesho yake wakaja na mafundi wakavunja lile jukwaa. Waliyoyakuta sikuyaona, wala sikutaka. Naambiwa yalikuwa machache, na kulikuwa na vifungo.

Mhandisi hakukana. Alipokuwa anaingizwa kwenye gari Kofia alimfuata, nadhani kwa sababu alihisi amechezewa, akamuuliza kwa nini alileta watu nyumbani kwake, na kamera juu yake. Nilikuwa karibu, nilisikia jibu.

"Miaka yote hii nasema alitoka mlango wa mbele," mzee alisema. "Nilitaka nimwone akitoka. Mara moja tu. Ningekuwa na kitu cha kukumbuka."

Tamthilia haikuonyeshwa. Polisi walichukua kila kitu kilichorekodiwa, lakini kabla hawajakichukua Masikio alikuja kwetu, akakaa kwenye kiti cha karibu na cherehani, akanisikilizisha kile kipande cha uani. Kwanza alinipa sauti ya ile maiki ya fimbo, iliyokuwa juu. Nikasikia, wazi kabisa: Mimi sikutoka, mwambie mtoto. Halafu akanipa sauti ya maiki ndogo, iliyokuwa imebanwa ndani ya gauni, vidole viwili kutoka kooni kwa wifi. Kulikuwa na moyo wake unadunda. Kulikuwa na meno yake yanagongana. Maneno hayakuwepo.

"Kifaa kiliharibika?" nilimuuliza.

"Moyo umeusikia," alisema. "Kifaa ni kizima." Akakusanya nyaya zake. Nasikia siku hizi anafanya kazi ya kutengeneza simu, na hataki kabisa kuvaa chochote masikioni.

Wifi alikaa kitandani kwa muda. Sauti ilikuwa imemkauka, alizungumza kama anayenong'ona, na daktari hakuona tatizo kooni. Mama mkwe alikuja kukaa nasi, akamlaza pajani mwanamke mzima yule na kumsuka nywele. Kidogo kidogo akarudi. Nilijua amerudi siku aliyomgombeza kaka yake kwa kuacha taulo sakafuni, kwa sauti iliyofika kwa jirani, na kaka yake akaja jikoni kwangu machozi yamemjaa, anachekelea.

Binti alikuja kumtembelea. Nilipomwona mlangoni nilihofia anachokitaka. Nilihofia atamwomba aseme tena. Wifi naye alihofia hivyo. Alijivuta mpaka pembeni kabisa ya kochi. Binti hakukaribia. Alikaa kwenye kiti cha mbali, akakubali juisi, akaulizia hali ya afya na dawa alizopewa, akasema moja si nzuri kwa tumbo.

"Nilitaka nikuone ukiwa na nguo zako mwenyewe," alisema mwisho. "Ili nisikuchanganye. Nisije nikakuona barabarani nikakukimbilia."

Wifi alikuwa amevaa fulana ya kaka yake na khanga kiunoni. Binti alimtazama vizuri, uso, mikono, miguu, kama mtu anayesoma. Kisha akatikisa kichwa.

"Hamfanani," alisema. "Hata kidogo." Sikuweza kujua kama amefarijika au ameumia. Alimaliza juisi yake, akaaga, na mimi nikamsindikiza mpaka barabarani.

Mambo yalivyosambaa, wakaanza kumpigia. Wale wale waliokuwa wakisema tutakupigia. Kila mmoja alikuwa na mzimu wake: mke aliyezikwa akiwa hai, bibi arusi wa kisimani, mama anayeonekana kwenye kioo. Mmoja alimwambia hana haja ya kufanya usaili. Wifi aliwakatalia wote, kwa adabu, kwa sauti yake ya mapokezi. Nilidhani ameachana na kazi hiyo kabisa. Kumbe kuna siku alikwenda kimyakimya akasimama foleni na wasichana wadogo, akageuka kushoto, akageuka kulia, na akapata sehemu kwenye kichekesho cha kila wiki, jirani mmbea anayeingia nyumba za watu bila hodi.

Siku ya kwanza alinitaka niende naye. Studio ilikuwa ghala kubwa lenye baridi, na katikati yake walikuwa wamejenga nyumba ya mbao nyembamba: sebule yenye kuta tatu, ngazi inayoishia hewani, mlango wa jikoni. Wifi aliomba dakika moja. Aliuzunguka ule mjengo wote kwa nyuma, mimi nikimfuata, akapita mkono kwenye mbao zisizopakwa rangi, akafungua ule mlango wa jikoni akachungulia. Nyuma yake hakukuwa na jiko. Kulikuwa na nyaya, ngazi ya fundi rangi na ndoo tupu.

"Hapa hajawahi kukaa mtu?" alimuuliza fundi mmoja aliyekuwa anakunja waya.

"Hapa? Tumejenga wiki iliyopita. Na kichekesho kikiisha tunavunja."

"Vizuri," alisema wifi.

Akaenda akasimama nyuma ya mlango wa mbele, mahali alipoonyeshwa. Walipomwita aliusukuma kwa kishindo, akaingia bila kubisha, akawauliza watu wa nyumba ile wanapika nini. Mpiga picha alicheka, kamera ikatikisika, na ikabidi warudie.